Beringi Alizoziacha Baba Mkubwa

Wiki tatu zilizopita tulimzika Mama Mkubwa Rukia. Siku ya hitima, wanawake tukiwa tumejazana uani kwake Chumbageni tunapakua pilau, mjukuu wangu mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye simu akauliza kwa sauti ambayo hata wanaume barazani waliisikia: "Bibi, ni kweli marehemu alikuwa fundi gari?" Watu wakacheka, kisha wakajiziba midomo kwa kukumbuka tuko wapi. Mimi sikucheka. Nilimjibu kwamba fundi hakuwa, ila gari alitengeneza, moja tu, magurudumu ya mbele tu, na alifanya hivyo akiwa ndani ya eda, kajifunga kitambaa cheupe kichwani na grisi imemfika viwikoni. Mtoto akanitazama kama anayetazama mzee aliyeanza kupotewa. Vijana hawa huamini kila wanachoonyeshwa na simu, lakini bibi yao akisema neno wanataka shahidi. Basi shahidi ni mimi, Zaituni, na gurudumu nililishika kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa nini niliishi kwa Mama Mkubwa na mumewe mwaka ule wa gari si habari ya kujaza kurasa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, asubuhi nakwenda kujifunza kupiga taipu, mchana narudi kuosha vyombo na kubishana. Kubishana nilikuwa nakuweza kuliko taipu. Chumba changu kilitazama uani, na dirisha lake halikuwa na kioo, lina nondo na pazia tu, kwa hiyo hakuna kilichosemwa jikoni nikakikosa. Mbele ya dirisha palikuwa na jiko la mkaa, mabirika mawili ya maji, kamba ya nguo, na mwisho wa ua ukuta wa matofali ulioishia juu kidogo ya kichwa cha mtu. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro ndiko alikokaa Fundi Mhina, Mbondei wa Muheza aliyekuwa akitengeneza magari ya nusu ya Chumbageni. Nyumba yetu ilinuka vitunguu, sabuni ya kipande, na petroli kidogo, kwa sababu Baba Mkubwa Seif alikuwa dereva wa teksi na hakuwahi kuingia ndani bila kuja na harufu ya kazi yake.

Baba Mkubwa alikuwa mtu mpole wa kuudhi. Ukimgombeza anacheka, ukinyamaza anakuuliza kwa nini humgombezi. Hawakujaaliwa mtoto, na mapenzi yao yote waliyatoa kwa njia ya kuchokozana. Teksi yake, gari jeupe la Kifaransa lililozeeka kwa heshima, ilikuwa ikisimama karibu na soko la Ngamiani. Mwezi wa Ramadhani gurudumu la mbele la kulia likaanza kuvuma. Kwanza ni mvumo mdogo tu, wa kusikia ukitega sikio. Idi ilipopita likawa linasaga kama jiwe la kusagia, na akikata kona linapiga kelele za kuamsha watoto. Watu wa mtaa walimtania kwamba hahitaji honi. Mama Mkubwa alichukia mlio ule, lakini niliona kwa macho yangu kwamba akiusikia unaingia mtaa wa pili, anabandika chai.

Asubuhi yenyewe nilikuwa bado kitandani. Nilisikia sahani ya mbaazi ikiwekwa chini, na mahamri yakimegwa, kisha sauti ya Mama Mkubwa. "Seif, gari lile ni aibu sasa. Wenzio wapita kimya, weye mji mzima wajua umeamka."

"Beringi tu hizo, Rukia. Nitazibadilisha."

"Mwezi wa tatu huu wanambia beringi tu. Leo usinirudie hapa na gari bovu. Nasema, kama hukulitengeneza bora usirudi kabisa."

Akacheka, kama kawaida yake. Akamaliza chai, akauliza kofia yake iko wapi. Mama Mkubwa alijua ilipo, lakini hakumjibu kwa sababu alikuwa amenuna, na Baba Mkubwa akaitafuta mwenyewe mpaka akaipata. Nilimsikia akisema "Haya, kwaherini wenye nyumba," na gari likaondoka likilia mpaka likamezwa na mji.

Adhuhuri haijaadhiniwa vizuri wakamleta nyuma ya pikapu ya watu. Alikaa kwenye benchi nje ya duka la vipuri kule Ngamiani, akaomba maji, na maji yalipoletwa hakuyapokea. Moyo, walisema. Gari lake lilikuja nyuma, Fundi Mhina analiendesha, na lilikuwa linalia vilevile. Tulipewa vitu vyake kwenye mfuko: kofia, tasbihi, leso, na furushi la gazeti lililofungwa kwa uzi. Mama Mkubwa akalifungua mbele yetu sote. Ndani mlikuwa na beringi nne mpya, zile pete za chuma zinazolifanya gurudumu lizunguke jepesi, mbili za kila gurudumu la mbele, kubwa na ndogo, kila moja imezungushiwa karatasi yenye mafuta. Hakulia. Alizifunga tena kama zilivyokuwa, akaziweka mapajani, na akakaa nazo hivyo mpaka wanaume walipomchukua mumewe kwenda kumzika kwao Pangani. Kwetu wanawake hawafuati jeneza, na yeye siku ileile aliingia eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila wanja, bila manukato, bila kuonana na mwanamume wa kando.

Nimekwisha kuona wajane wengi tangu hapo, na mimi mwenyewe nimekaa eda yangu, lakini sijaona nyumba iliyonyamaza kama ile. Majirani walileta vyakula siku za mwanzo, bada ya muhogo na samaki wa nazi, ndizi mbichi, wali, tukala bila kujua tunakula nini. Kisha vyakula vikapungua, kama ilivyo ada, tukabaki wawili na uji wa pilipili manga. Siku ya arobaini akaja Ami Nassor kutoka Pangani, mdogo wake marehemu, mtu mrefu mwenye uso wa hakimu. Aliketi barazani, Mama Mkubwa nyuma ya pazia la mlango, mimi katikati nikipeleka kahawa. Ami Nassor alikuwa mtu wa haki mpaka inachosha. Alieleza mirathi kama anayesoma: mjane asiye na mtoto ana robo, kilichobaki ni cha ndugu. Nyumba ilikuwa ya Mama Mkubwa mwenyewe kwa wazee wake, hiyo haikuguswa. Gari lingeuzwa, naye apewe robo yake.

"Siku ukitoka eda nitakuja kulichukua, shemeji," alisema. "Nitaleta lori tulivute. Jinsi linavyolia halifiki hata Tongoni, nusu ya njia."

Kisha Mama Mkubwa akasema, "Likiwa zima, utalipeleka Pangani kwa kuliendesha?"

"Likiwa zima, naam. Lakini si zima."

"Na ukiliendesha, utanipakia na miye mpaka kwenye kaburi la mume wangu?"

Ami Nassor akasema hilo haliwezi kumshinda. Akanywa kahawa yake, akaondoka. Mimi nilidhani Mama Mkubwa anataka tu kuzuru. Nikamwambia, kwa ujuaji wangu wa miaka kumi na tisa, kwamba mabasi ya Pangani yapo kila siku. Akanitazama kwa jicho ambalo hata leo likinijia naweka kikombe chini. "Nilimwambia asirudi na gari bovu," alisema. "Hakurudi. Sasa gari zima ndilo litakalokwenda kwake, na miye ndani yake, nikamwombe radhi. Siwezi kupanda basi na maneno yale."

Kesho yake alimwita Fundi Mhina. Hakumwita ndani, alimwita ukutani. Fundi akaja kichochoroni na kreti tupu la soda la kukalia, akapiga hodi kwenye matofali. "Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, Mhina. Sikiza. Nataka nifunze kubadilisha beringi."

Nilikuwa nimepanda juu ya kinu nachungulia, nikamwona anakuna kidevu. Alisema gari lisukumwe mpaka kwake, siku moja tu, hataki chochote, marehemu alikuwa rafiki yake. Mama Mkubwa akasema hapana. Akasema yeye ndiye aliyelisema gari, yeye ndiye atakayelitengeneza. Fundi akasema basi aje yeye uani amwelekeze. Mama Mkubwa akasema eda. Hapo Fundi Mhina akacheka kwa pumzi, kicheko cha mtu aliyeshindwa, akasema, "Basi Bi mkubwa, mie nitakuwa mdomo, nyie muwe mikono."

Sasa kuna watu watakaosema mambo haya hayakustahili kwa mjane. Walikuwapo hata wakati ule. Jirani mmoja alikwenda mpaka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuuliza kama mwanamke wa eda anaruhusiwa kupiga nyundo. Mwalimu akajibu kwamba vitabu vimekataza manukato, na grisi haijasikika kuwa manukato. Jirani akarudi kapoa. Jibu lile lilitufurahisha, na ile ndiyo siku ya kwanza nilipomwona Mama Mkubwa akitabasamu tangu msiba.

Vijana wanne walilisukuma gari wakaliingiza uani kwa lango la nyuma, Mama Mkubwa akiwa kajifungia chumbani, wakatoka, nikafunga lango. Vyombo vya kazi vikaja juu ya ukuta ndani ya kikapu cha kamba: jeki, spana, koleo, nyundo, kopo la grisi. Mimi nikarudisha kikapu na sahani ya mbaazi. Ikawa ndiyo desturi yetu, kikapu kinakuja na chuma, kinarudi na chakula, na Fundi alikuwa akitusifu pilipili kabla ya kutuuliza habari za gari.

"Msipige jeki kwanza," sauti ilisema. "Legezeni nati gurudumu likiwa chini. Likiwa juu litazunguka nanyi mpaka Idi." Nati zilikataa. Mama Mkubwa akakaza kanga kiunoni, akasimama juu ya spana kwa miguu miwili huku kashika paa la gari, ikalia kwee na kuachia. Tukatia mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukapiga jeki, tukaegemeza gari juu ya kipande cha gogo la mnazi kwa usalama. Gurudumu likatoka. Kifuniko kidogo cha bati katikati kikatoka kwa kugongwagongwa. Pini iliyozuia nati tukainyoosha kwa koleo tukaivuta, nati ikafunguka kwa vidole, na beringi ndogo ikadondoka kiganjani mwa Mama Mkubwa yenyewe. Ile kubwa ya nyuma tuliipata baada ya kulitoa drami zima, lile sufuria la chuma la breki.

"Zina rangi gani?" Fundi akauliza.

"Nyeusi ya bluu," nikajibu. "Kama kucha iliyobanwa mlangoni."

"Basi ziliungua kitambo. Bwana Seif alikuwa na bahati kwamba gurudumu halikuchomoka." Alipolisikia neno bahati kutoka kinywani mwake mwenyewe akaanza kukohoa kikohozi cha uongo.

Ndipo Mama Mkubwa akaingia ndani kuleta zile mpya, na mimi nikaona kisa ambacho nadhani kisingetokea nyumba nyingine ila za kwetu. Kila kilichorudi na maiti kwetu huoshwa. Siku ya tatu tulikuwa tumefua kanzu, kofia na leso, tasbihi ikasuuzwa kwa maji ya moto. Mama Mkubwa, ambaye hata mkaa angeuosha kama ungevumilia, alikuwa ameosha na beringi. Alitoa mbili, kubwa na ndogo, kwenye karatasi zake, akazisugua kwa sabuni ya kipande mpaka mafuta yote yakaondoka, akazianika kwenye ungo, akazifunga kitambaa kisafi na kuzitia kasha la nguo. Nyingine mbili hakuzifikia kwa sababu adhana ya alasiri ilimkatiza. Sasa alipofungua kitambaa, kilikuwa kimepata madoa ya rangi ya manjano, na zile beringi zilizooshwa zilikuwa zimeshika kutu kila mahali. Hewa ya Tanga ina chumvi, inakula hata sindano ndani ya mkebe.

"Mmeziosha na nini?" sauti ikauliza, baada ya mimi kueleza.

"Maji na sabuni."

Nilijua anaziba mdomo asicheke. Kisha akasema taratibu, "Zitieni kwenye mafuta ya taa. Zisugueni kwa mswaki mkuukuu. Halafu zileteni karibu na ukuta, zizungusheni moja moja, nisikie."

Tulifanya hivyo. Mama Mkubwa alisimama amebandika mkono kwenye matofali, anazungusha beringi kwa kidole, na upande wa pili nilimwona Fundi Mhina kaegemeza sikio ukutani na macho kafumba. "Hiyo inakwaruza. Weka kando. Lete ya pili." Akaizungusha ya pili. "Na hiyo. Pole, Bi mkubwa. Hizo zimekwisha."

Mama Mkubwa akaketi chini pale pale, kwenye sakafu yenye mafuta ya taa, akalia. Si kilio cha msiba, maana msiba aliuzuia, ni kilio cha mtu aliyevunja kitu cha watu. "Alizinunua yeye," alisema. "Neno langu alilitii, akazinunua, na miye nimeziua kwa sabuni." Mimi sikujua la kufanya. Nilikuwa nimezoea kumbishia, kumbembeleza sikuwahi. Nikakaa karibu naye, begani kwake, nikabaki hivyo. Fundi Mhina ndiye aliyetuokoa, naye bado alikuwa na sikio lake ukutani.

"Bi Rukia, zile mbili nyingine ziko kwenye karatasi zake?"

"Ziko."

"Basi hizo zitakwenda kulia, kwenye ugonjwa. Kushoto hakukuwa na mlio. Zitoeni beringi za zamani za kushoto, zioshwe kwa mafuta ya taa, si kwa sabuni, tafadhali, tuzisikilize."

Tulizisikiliza kesho yake. Zilipita kimya, mvumo mwembamba tu, na Fundi akasema zina maisha bado. Ikawa hivyo: kulia mpya, kushoto za zamani zenye grisi mpya. Alitufundisha kugonga nje ile pete ya chuma iliyobaki ndani ya drami, na kuingiza mpya kwa kutanguliza ya zamani juu yake ili nyundo ipige mzee na kijana asiumie. Akatufundisha kujaza grisi. Unaweka tonge la grisi kiganjani, unaikandamiza beringi ukingoni mwake, unasukuma na kusukuma mpaka grisi ichomoze upande wa pili. Mama Mkubwa alikuwa fundi wa kukanda unga wa mahamri, na kazi hii ilimwendea mikononi kama aliyezaliwa nayo. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, magoti yanagusana, kila mmoja na beringi yake, wakati aliponiuliza bila kuinua uso: "Siku ile ulikuwa umelala?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa mwongo mzuri umri ule. "Nilikuwa macho, Mama."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na kofia?"

"Na kofia nilisikia."

Akasukuma grisi mara mbili tatu. "Basi miye si kwamba nimeota. Wakati mwingine nasema labda sikumwambia vile." Nikamwambia ni maneno ya hasira tu, kila nyumba yanasemwa, na Baba Mkubwa mwenyewe alicheka. "Alicheka," akasema, "ndiyo inayoniuma. Angenijibu vibaya tungekuwa sawa." Tuliendelea kukanda. Kuna mambo niliyajua kuhusu ndoa siku ile ambayo wenzangu waliyajua baada ya kuolewa, na nashukuru na nasikitika kwa pamoja.

Kufunga ndiko kulikokuwa na hila. Fundi alirudia mara tatu: kaza nati huku gurudumu linazungushwa mpaka liwe zito, kisha legeza kidogo, tundu moja la pini, lizunguke jepesi. Chuma kinahitaji nafasi, alisema, kikipata joto kinavimba. Mama Mkubwa akafanya kama alivyoambiwa. Lakini mimi usiku sikulala vizuri. Niliwaza gurudumu likichomoka njiani na sisi ndani, na asubuhi, yeye akiwa kwenye mswala, nikatoka na koleo na spana, nikaiondoa pini ya kulia nikaikaza ile nati tundu lile moja, na robo ya mzunguko ya ziada kwa usalama. Sikumwambia mtu. Nilijiona nina akili kuliko Fundi Mhina na ukuta wake.

Siku eda ilipoisha Mama Mkubwa alioga, wanawake wa mtaa wakamvisha gauni jipya na buibui, wakamfukizia udi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kuonana na mtu. Ami Nassor alikuja na lori na kamba. Alipoambiwa gari ni zima hakuamini, akalipeleka kuzunguka mtaa na kulirudisha. Halikulia. "Nani kalitengeneza?" akauliza.

"Miye."

Akamgeukia Fundi Mhina, ambaye sasa angeweza kuonekana, kasimama langoni na kofia mkononi. Fundi akasema kwamba yeye hakugusa hata nati moja, wala hajui ndani ya ua ule kuna nini. Ami Nassor akatikisa kichwa kama anayesikia ngano, akamwambia dereva wa lori arudi zake. Tukaketi nyuma, mimi na Mama Mkubwa, Ami mbele peke yake na uso wake wa hakimu. Tukapita mashamba ya mkonge, vumbi likiingia madirishani. Tulipofika Kigombe Ami akasimamisha gari, akashuka, akaweka kiganja katikati ya gurudumu la kushoto, kisha la kulia. La kulia aliondoa mkono haraka. "Shemeji," akasema, "hapa panaungua. Nilijua. Hii si kazi ya kanga."

Nikasema yote pale pale kando ya barabara, nati, pini, robo ya ziada, nikilia. Mama Mkubwa hakunigombeza hata kidogo. Alishuka, akakunja buibui, akaomba jeki na koleo. "Mwanangu huyu nimemfunza kupika," alimwambia Ami, "gari kafunzwa na ukuta." Akapiga magoti vumbini na gauni lake jipya, akagonga kifuniko, akavuta pini, akalegeza nati, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza, akalegeza tena kidogo, akarudisha pini na kukunja ncha zake. Ami Nassor alisimama juu yake na mpini wa jeki mkononi, akimfuata kila tendo kwa macho. Watu wawili wenye baiskeli walisimama kutazama. Tulipumzika hadi chuma kikapoa, kisha tukaendelea, na Pangani Ami aliposimama tena kugusa, akagusa kwa muda mrefu na kusema tu, "Haya."

Kwenye makaburi tulisimama nje ya ukuta mfupi, kaburi lenyewe liko hatua chache tu ndani. Nilitaka kuondoka niwaachie, Mama Mkubwa akanishika mkono. Alikuwa ameyapanga maneno yake miezi minne, nilimsikia akiyasema usiku nyuma ya ukuta wa chumba. Sasa hayakutoka. Akamgeukia Ami Nassor badala ya kaburi, akamwambia kila kitu, mbaazi, usinirudie, bora usirudi kabisa, na kofia. Hakuficha neno. Nilimtazama Ami nikijua ndugu yake amekufa na maneno yale masikioni, na niliogopa atakachosema.

Akauliza, kwa sauti ileile ya siku ya arobaini: "Shemeji, mirathi ya ndugu yangu ilikwendaje?"

"Robo yangu," akasema Mama Mkubwa, "yaliyobaki yako."

"Basi na hili limo. Mwenye kudai maneno yale ni Seif, na mrithi wake ni mimi. Robo tatu nimekusamehe, kwa niaba yake, mbele yake hapa. Robo iliyobaki ni haki yako, siwezi kuigusa. Hiyo utajisamehe mwenyewe."

Mama Mkubwa akalia pale kwa sauti, bila kuzuia, na Ami Nassor akamgeuzia mgongo kwa heshima, akawa anatazama mkonge. Gari lilibaki kwake, akaliuza kama alivyosema, tukarudi Tanga kwa basi. Mtu yule nilimchukia tangu siku ya arobaini na nikampenda kwa dakika moja, na dakika hiyo haijaisha.

Mwaka huu, siku chache kabla Mama Mkubwa hajafa, nilikuwa nimekaa kitandani kwake namlisha uji kwa kijiko. Nikamwuliza kwa utani, kama tulivyozoea, kama ile robo yake alikwisha kujisamehe. Alifikiri kweli kweli, kijiko kinasubiri hewani.

"Nusu yake," akasema. "Nyingine nitamwomba Seif mwenyewe."